Siku 28 Zisiishie Palizini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Sasa muulize mwalimu, muuguzi au karani yeyote wa Nanganga, huku Kusini, za mwaka jana zilikwenda wapi. Wiki ya kwanza alikuwa juu Newala kwa mama yake, akifyeka chini ya mikorosho. Ya pili ililiwa na jando la mpwa wake. Ya tatu kulikuwa na msiba Chikundi, na baada ya msiba kikao cha ukoo kuhusu mpaka wa shamba. Ya nne alikuwa kitandani na mafua, huku kikundi cha kazini kwenye simu kikimuuliza funguo za stoo ameziacha wapi. Jumatatu akaripoti amechoka kuliko alivyoondoka, na wenzake wakampokea kwa furaha: "Umenenepa! Likizo imekukubali."

Makala hii ni ya mtu huyo. Ni ya dereva wa bodaboda pia, pale njia panda ya Ruangwa, ambaye hana fomu ya kujaza wala bosi wa kumwomba ruhusa. Ninachotaka kusema ni kimoja tu: akili haipumziki kwa sababu umepewa siku za kupumzika. Siku usizozigawa mwenyewe zitagawiwa na ndugu, na ndugu wa Kusini wanajua kugawa. Kwa hiyo zilinde, na uanze kuzilinda kabla hujasaini fomu.

Kwanza jua unaumwa nini. Huku kwetu mtu akichoka kichwani huenda zahanati kulalamikia mwili: kichwa kinagonga, tumbo linajaa gesi, moyo unakwenda mbio, usingizi unakatika saa nane za usiku na haurudi. Atapimwa malaria. Isipoonekana, atapewa panado na kuambiwa apunguze mawazo, ushauri ambao sijaona umempunguzia mtu wazo hata moja. Upimaji wenyewe ni sahihi, usiuruke. Upungufu wa damu, kisukari, shinikizo la damu na hata mimba changa vinaweza kumchosha mtu mpaka akajiona amechanganyikiwa. Lakini majibu yakija safi, usiondoke chumbani na panado pekee. Mwambie tabibu unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi, unakula vipi, na ni lini mara ya mwisho ulifurahia kitu ulichozoea kukifurahia. Usipomwambia hatajua, kwa sababu nje ana foleni ya akina mama wenye watoto wanaolia.

Yapo mambo mawili yanayofanana kwa nje, na dawa zake ni tofauti. La kwanza ni uchovu wa kazi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeueleza kuwa hali itokanayo na msongo wa kazini usioshughulikiwa, na halikuuita ugonjwa. Dalili zake ni tatu: nguvu zimekwisha; moyo umejitenga na kazi au umeanza kuichukia; na unajiona hufanyi chochote cha maana. Muuguzi aliyewahi kuwa mpole anaanza kuwafokea wazazi wodini kabla hawajamaliza salamu. Mwalimu anaacha madaftari ya darasa la nne yakirundikana mezani wiki ya tatu sasa, naye ndiye aliyekuwa akisahihisha kwa kalamu nyekundu hadi usiku. Mtu wa namna hii, akiondolewa kazini kwa muda na akilala, huanza kurudi. Ukimpeleka ngomani utamsikia akicheka.

La pili ni sonona. Hapo huzuni, au kutopendezwa na jambo lolote, hukaa karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Huja na usingizi ulioharibika, chakula kisichopita, kujilaumu kusikoisha, na wakati mwingine fikra za kufa. Mtu huyu ukimpeleka ngomani atakaa pembeni akisubiri iishe. Likizo peke yake haimponyi, na inaweza kumzidishia: anabaki ndani peke yake, mlango umefungwa, hakuna hata mwanafunzi wa kumwamkia. Yeye anahitaji likizo ili atibiwe, na matibabu ndiyo yatangulie. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hurudi kutoka mapumziko wakiwa vilevile, wakajiona wameshindikana, kumbe walimeza dawa ya ugonjwa mwingine.

Tuje kwenye haki zako, maana hapa ndipo watu wengi hupotea kwa kutojua. Ukiacha zile siku 28, sheria hiyohiyo inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Hakuna mstari unaosema ugonjwa uwe wa mguu au wa tumbo. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Kinachotakiwa ni cheti cha tabibu, ile karatasi tunayoiita ED, na mwajiri hana wajibu wa kukulipa siku hizo usipoileta. Cheti kitoke kwa daktari aliyesajiliwa, au kwa tabibu mwingine ambaye mwajiri amemkubali. Kwa hiyo ukitibiwa zahanati ya kijijini, uliza mapema kama karatasi ya pale itapokelewa ofisini, usije ukabishaniwa mwisho wa mwezi.

Likizo ya mwaka ina tabia yake. Mwajiri ndiye anayepanga tarehe, ila hana ruhusa ya kuisogeza milele: iwe imetolewa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wako wa likizo kwisha, au miezi 12 kama umeridhia na kazi inalazimu. Ukisikia "tutaona mwakani" kwa mara ya pili, kumbuka mstari huo. Aliye na chini ya miezi sita kazini kwa kawaida hajaifikia haki hii, lakini mfanyakazi wa msimu ametajwa kwa jina lake kwenye sheria, na anayo. Wanaobangua korosho viwandani na wanaopanga magunia maghalani hawaambiwi hilo. Sasa mmeambiwa.

Walimu wa shule za serikali, wauguzi wa halmashauri na maafisa ugani wanafuata Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, zenye hesabu zake za likizo ya ugonjwa. Hao waende kwa afisa utumishi, na kama mlango wake ni mzito waanze na mwakilishi wa chama chao, CWT kwa walimu, TUGHE au TALGWU kwa wengine. Wanalipa ada kila mwezi kwa kazi kama hii. Mfanyakazi wa sekta binafsi akiachishwa kazi kwa sababu ya kuugua, apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku ya 31 utaanza kwa kuomba radhi ya kuchelewa kabla shauri lenyewe halijasikilizwa.

Kudai kwa sheria ni jambo moja, kuomba kwa mtu unayesalimiana naye kila asubuhi ni jingine. Hatuishi katika mji mkubwa ambako bosi humjui kwake. Mwalimu mkuu ni jirani, na mkewe mko kikoba kimoja. Kwa hiyo nenda kwake kabla ya kupeleka karatasi, saa ambayo hajazongwa, si Ijumaa mchana wakati anakimbilia basi la Masasi. Baada ya shikamoo usizunguke sana. Sema: "Mwalimu, wiki kadhaa sasa silali vizuri na kazi yangu imeanza kuharibika, umeona mwenyewe. Nimeonana na daktari, kanishauri nipumzike. Naomba siku 14 kuanzia tarehe fulani. Darasa langu nimezungumza na mwenzangu, yuko tayari kulishika." Basi. Hujataja ugonjwa wako, hujalia, hujamlaumu. Jina la ugonjwa ni siri yako na tabibu. Bosi anahitaji kujua vitu viwili: hutakuwepo hadi lini, na nani atashika kazi.

Atauliza, "Sasa wewe ukiondoka, nani atafanya?" Usilichukulie swali hilo kama tusi. Shule nyingi za vijijini zina walimu wachache kweli, na zamu ya usiku wodini hailali kwa sababu wewe umechoka. Ndiyo maana jibu uje nalo mkononi. Akiuliza kwa nini sasa, unaweza kumwambia kwa adabu kwamba mtu aliyechoka hafanyi kazi hata akiwepo. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2022 kwamba sonona na wasiwasi huila dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Nyingine kati ya hizo zilipotelea hapahapa, kwa mtu aliyekaa mezani tangu asubuhi akitazama rejista bila kuiona.

Wakati wa kuomba nao una maana. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, asitegemee mtu kumwachia Novemba, minada ya korosho ya vyama vikuu vya MAMCU na TANECU ikiwa imepamba moto na wakulima wamejaa ghalani na stakabadhi mikononi. Aombe likizo ya Februari, na aiombe ikiwa bado Septemba, jina lake liingie kwenye ratiba. Siku ya Afya ya Akili Duniani huwa tarehe 10 Oktoba, na mwaka 2024 ilihusu kazini hasa. Kwetu tarehe hiyo macho yote yako kwenye bei ya korosho, kwa hiyo sishangai kwamba sijaona hata bango moja.

Sasa umepewa siku zako. Adui anayefuata anakupenda, na ndiyo shida yake. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo unapita kwa mama, na neno la mjomba lina uzito ambao barua ya mkurugenzi haina. Mjomba akisikia una wiki nne bure, atakuwa na orodha. Ushauri wangu ni kumwendea yeye kabla ya ndugu wengine, uso kwa uso ikiwezekana, kwa heshima zote: "Mjomba, daktari kaniambia nipumzike, nikizembea nitaanguka kabisa. Naomba unisemee kwa ndugu. Jando nitatoa mchango wangu, ila mwili wangu safari hii mnisamehe." Ukishamweka mjomba upande wako, shangazi na binamu watasukumwa naye. Ukimkwepa na kuzima simu, utasakwa na utaitwa mwenye maringo, na mapumziko yatageuka kesi ya ukoo. Mchango uutoe kweli, hata kidogo. Pesa ndogo iliyotangulia huokoa siku nyingi.

Kuna msiba usioweza kuukwepa, na hapo sheria imeweka siku nne za likizo yenye malipo kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa tumbo moja, na kwa ugonjwa au kifo cha mtoto. Zitumie hizo. Usizitoe kwenye 28.

Kwa mwanamke mambo ni mazito zaidi, na makala nyingi za kupumzika huandikwa kana kwamba msomaji ana mtu wa kumchotea maji. Mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu miaka ya 1950, na bado mwanamke wa juu uwandani anajua ndoo inavyopanda thamani kiangazi. Akichukua likizo ofisini, nyumbani kazi inaongezeka, kwa kuwa sasa yupo. Mume unayesoma hapa, mapumziko ya mkeo ni wewe kubeba dumu, au kumlipa mwenye baiskeli alete madumu sita, na kumwacha alale hadi saa mbili asubuhi bila mtu kumuuliza chai iko wapi. Kama huwezi hilo, usimwambie umemruhusu kupumzika. Na kama hakuna mume wa kuambiwa, siku chache kwa dada au kwa somo wako, mbali na jiko lako mwenyewe, zinafaa kuliko mwezi mzima ukiwa kwako.

Je, uende wapi? Mtumishi aliyetoka Kagera au Mara anataka kwenda kwao, na simlaumu. Lakini ukiwa na siku 14, nne zikaishia kwenye basi na sita kwenye matatizo ya nyumbani ambayo wamekuwekea kiporo, zitakazobaki hazitoshi hata kuoga vizuri. Wengi hukubaliana na mwajiri kuigawa likizo mara mbili: sehemu ya kwenda kuwaona wazazi, sehemu ya kujiona wewe. Hiyo ya pili haitaki fedha nyingi. Juni na Julai Newala ina baridi tamu. Gesti ya kawaida, blanketi, na jioni kutembea mpaka Shimo la Mungu kulitazama bonde lilivyoachama hadi upande wa Ruvuma, hiyo ni dawa ya bei nafuu kwa mtu aliyetazama kuta nne mwaka mzima. Anayependa bahari ana Mikindani. Asiyeweza vyote hivyo alale kwake, ila awe na saa ya kutoka kila siku na kutembea kwa miguu, barabarani au kandokando ya Mto Lukuledi, kabla jua halijawa kali.

Siku za mwanzo lala tu. Usijiwekee ratiba ya kusoma vitabu na kuanzisha biashara ya kuku. Usingizi uliodaiwa miezi mingi haulipwi usiku mmoja, na ukiulipa vizuri utashangaa mambo mangapi uliyoyaona makubwa yamepungua yenyewe. Simu isiwe chini ya mto. Mwachie mwenzako wa kazini saa moja kwa siku ya kukupata, tuseme saa 12 jioni, na ujitoe kwa muda kwenye kikundi cha kazi. Funguo za stoo kabidhi kwa maandishi siku ya mwisho.

Jihadhari na pombe, hasa likizo ikiangukia msimu wa mabibo. Uraka, pombe ya mabibo, ni rahisi, uko kila kona, na mtu mwenye mawazo hulala haraka akiunywa. Huamka saa tisa usiku na mawazo yaleyale, sasa yana kichwa cha kuuma. Nipa, ile ya kukenekwa, ndiyo usiiguse kabisa wakati huu. Siandiki haya kama mlokole. Pombe huvunja usingizi wa alfajiri, ndio unaotengeneza akili, na kwa aliyeandikiwa dawa za sonona au za usingizi inaweza kuwa hatari.

Nimechelewa kumfikia asiyeajiriwa, ingawa huku ndiye mtu wa kawaida. Mkulima wa korosho hana siku 28. Ana mwaka wake: palizi za masika, mavuno ya chakula, kupulizia salfa kuanzia Juni, kuokota kuanzia Oktoba, kisha kusubiri malipo. Hicho cha mwisho huumiza akili kuliko jembe. Waliokuwa na mzigo msimu wa 2018/2019, serikali ilipoamua kuununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakangoja uhakiki, wanakumbuka usiku wake ulivyokuwa mrefu. Dirisha la kupumua hupatikana kati ya kumaliza kupulizia na korosho kuanza kudondoka. Ni dogo, na ndani yake kuna usafi wa shamba. Kwa hiyo mkulima asingoje mwezi mzima ambao hautakuja. Achukue siku moja ya wiki, ileile kila wiki, Ijumaa au Jumapili kwa imani yake, ambayo hakuna jembe, hakuna bomba, hakuna kikao. Na fedha za mnada zikiingia, kabla ya bati na pikipiki, atenge kiasi cha kula wiki mbili bila kufanya kazi. Akiugua asilazimike kwenda kwa mnunuzi wa kangomba kuuza korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Wengi waliouza kangomba hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka na hawakuwa na akiba, na mtu aliyechoka hukubali bei ya kwanza.

Bodaboda anayelala saa nne na kuamka saa tisa alfajiri kuwahi abiria wa mabasi anajua hatari yake kuliko mimi. Mpango wa siku sita hesabu kwa tajiri na siku ya saba kwa dereva upo tayari, ila madereva wengi huitumia ya saba kutafuta ya kwao. Angalau mara mbili kwa mwezi izime pikipiki siku hiyo. Mama lishe naye atafute mwenzake wa kushikiana: wiki hii nafunga mimi, wateja wangu wale kwako, wiki ijayo kinyume chake. Na kama kikoba chenu kina mfuko wa jamii wa misiba na ugonjwa, toeni hoja kwenye kikao kwamba mwanachama aliyezidiwa na mawazo, mwenye karatasi ya hospitali, naye asaidiwe. Katiba za vikoba hubadilishwa kwa kura, hazikushuka kutoka mbinguni.

Sasa msaada wa kitabibu. Nanganga imekaa vizuri kwa hili: upande mmoja wa barabara iko hospitali ya wamisionari ya Ndanda, upande wa pili Nyangao. Naitaja jiografia hiyo kwa sababu ya aibu. Kama Ndanda foleni nzima inakujua, au wewe mwenyewe unafanya kazi pale, panda gari la kwenda Nyangao. Masasi iko Mkomaindo, Newala kuna hospitali ya wilaya, na Mtwara mjini iko Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukifika mapokezi uliza kama yupo mtoa huduma wa afya ya akili siku hiyo. Asipokuwepo, onana na daktari wa kawaida. Sonona nyingi huanza kutibiwa na daktari wa kawaida. Wizara ya Afya ina namba 199 ya kupiga bure kwa ushauri. Watu wakisikia "afya ya akili" huwaza Mirembe, ile hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927 na ambayo jina lake tumeligeuza tusi la mtaani. Lakini wengi wanaotibiwa sonona hutibiwa wakitokea nyumbani, kwa mazungumzo, kwa vidonge, au kwa vyote viwili. Vidonge huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, kwa hiyo usiviache siku ya tano ukisema havifai. Unayemwendea mganga au mchungaji, endelea naye kama anakutuliza, ila akikwambia uache dawa za hospitali, hapo muage.

Si kila anayekusikiliza lazima awe na koti jeupe. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianza mwaka 2006 mjini Harare kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza na wenye mawazo mengi, tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika mpaka Zanzibar. Huku Masasi na Newala bibi wenye masikio hawajaisha. Chagua mmoja, mwenye kifua, asiyepeleka maneno kisimani, na umwendee na tatizo moja kwa wakati.

Fikra za kufa zisikusubirishe mpaka likizo ikubaliwe. Mwambie mtu leo, na aende nawe hospitali leo. Kanuni ya Adhabu yetu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, jambo ambalo naliona baya kwa sababu linawafunga watu midomo. Lakini kuwa na fikra si jaribio, na kumweleza daktari si kosa. Ndugu wa nyumbani, katika siku hizo msimwache peke yake, na stoo ya dawa za mikorosho ifungwe, funguo akae nazo mtu mwingine.

Mwisho wa likizo usirudi na nguvu za kulipa deni la siku zote ulizokosekana. Wiki ya kwanza fanya kazi za wiki ya kwanza. Kisha kaa tena na mkuu wako na uombe badiliko moja, moja tu, kwenye kile kilichokuchosha: zamu mbili za usiku mfululizo badala ya nne, darasa moja kupungua, au mkutano wa Jumamosi kuhamia katikati ya wiki. Kama kilichokuchosha kimebaki vilevile, utakuwa unaomba ED nyingine baada ya miezi mitatu. Na kama mkuu wako hataki kubadilisha hata hilo moja, anza kutafuta uhamisho ukiwa bado na nguvu za kuandika barua.

Fomu ya likizo ya mwaka huu iombe wiki hii, uiandike tarehe, ubaki na nakala yenye mhuri. Msimu ukishafunguliwa kila mtu ofisini atakumbuka yake.